Nyama ya Moscow

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Chakula nacho ni vivyo hivyo. Watu huketi mezani wakala, wakashiba, wakajipangusa midomo, wala wasijiulize ni kwa nini nyama ile ililainika au mchuzi ule ukawa mzito. Katika makala haya nataka kukueleza juu ya chakula kimoja cha Kirusi ambacho nimekila tangu nikiwa mtoto wa chekechea, hapa hapa Nakuru. Warusi hukiita bef stroganov. Sisi nyumbani hukiita nyama ya Moscow. Nitaeleza kilikotoka, kinavyopikwa, na zaidi ya yote, kwa nini hupikwa hivyo na si vinginevyo.

Najua wapo watakaocheka. Darasani wenzangu wameshaniita Mrusi. Wengine huniuliza, "Wewe mvulana mzima, jikoni wafuata nini?" Jibu langu watalipata humu humu. Subira huvuta heri.

Tuanze na jina. Stroganov ni ukoo wa wafanyabiashara wa Urusi waliotajirika kwa chumvi na ngozi za wanyama upande wa milima ya Ural tangu karne ya 16, hata wakawa makabaila wakubwa. Ni nani hasa katika ukoo huo aliyepikiwa nyama hii kwanza, watu hubishana mpaka leo. Wapo wasemao eti alikuwa kabaila mzee aliyeng'oka meno, basi mpishi wake akamkatia nyama vipande vidogo vidogo asipate taabu ya kutafuna. Wapo wasemao ni Alexander Stroganov aliyeishi Odessa, mji ambao leo uko nchini Ukraine. Huyo, yasemekana, mlango wake haukufungiwa mgeni saa za chakula, kwa hivyo alihitaji kitoweo kinachogawika hata wageni wakizidi. Hizo ni hadithi tu.

Lililo hakika ni hili. Mwaka wa 1861 mama mmoja wa Kirusi, Elena Molokhovets, alitoa kitabu cha mapishi kilichopendwa mno nchini mwake. Katika chapa ya 1871 ndimo tunamoikuta nyama ya Stroganov. Na ajabu ni kwamba haina uyoga wala kitunguu! Ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande, haradali, supu kidogo na malai yaliyochachuka. Vitunguu, nyanya na uyoga viliingizwa baadaye. Kwa hivyo usimsikilize mtu akikwambia kwamba bila uyoga huwezi kuipika. Uyoga ni mgeni aliyealikwa tu.

Baadaye, enzi za Muungano wa Sovieti, chakula hicho cha makabaila kiliteremka kikawa chakula cha mabwalo ya wafanyakazi na wanafunzi. Huko ndiko Babu alikokutana nacho. Babu alisomea Moscow kuanzia 1973 hadi 1979, katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka wa 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Jina hilo liliondolewa mwaka wa 1992, kisha likarudishwa mwaka wa 2023. Mwaka wa kwanza Babu alisoma lugha ya Kirusi tu, manake masomo yote yalifundishwa kwa lugha hiyo. Baridi ilikuwa ya kugandisha maji mtoni watu wakatembea juu yake. Babu husema kwamba mtu akitoka kwenye theluji akapewa sahani ya nyama ile na viazi vya kuponda, roho humrudi.

Aliporudi Kenya alimweleza Nyanya namna ya kuipika, na baada ya miaka michache Nyanya akamshinda mwalimu wake. Mimi nikiwa mdogo, mvua ya Aprili ikinyesha au baridi ya Julai ikikaza, nilijua jioni hiyo kutanukia nyama ya Moscow. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa na kutazama.

Nyanya alifariki mwaka wa 2021. Hakuwa ameandika chochote. Vipimo vyote vilikuwa mikononi mwake. Babu naye akaanza kukataa chakula. Akiwekewa sahani, anaisukuma polepole mpaka katikati ya meza, halafu anasema ameshiba. Alikonda tukaingiwa na hofu. Mama hufika kutoka kazini usiku. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, nafika nyumbani mapema kuliko wote. Basi siku moja nikanunua nusu kilo ya steki, nikapika kama nilivyomwona Nyanya akipika. Babu alikula kimya. Alipomaliza aliniuliza jambo moja tu, "Mjukuu wangu, nyama hii imekatwa na nani?" Nikamwambia, "Ni mimi, Babu." Akasogeza sahani aongezewe. Hiyo ndiyo sababu mvulana mzima yuko jikoni.

Sasa tufike kwenye upishi wenyewe. Kwa watu sita utahitaji nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa, vitunguu viwili, kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano, kikombe kimoja cha mala iliyo nzito, malai vijiko vikubwa vitatu au vinne, kijiko kidogo cha haradali ukiipata, mafuta, chumvi na pilipili manga. Hakuna kitu hapo cha kuagizwa ng'ambo.

Jambo la kwanza ni kisu. Tazama nyama kwa makini utaona nyuzi zimelala upande mmoja kama nyuzi za mkonge. Ukikata kwa kuzifuata, kila kipande kitabaki na nyuzi ndefu, na meno ndiyo yatakayozikata. Ukikata kwa kuzikingama, kisu kimeshafanya kazi hiyo. Mfano mzuri ni muwa. Pingili ndefu utaitafuna mpaka taya ziume, lakini ukiikata visahani vyembamba, huachana yenyewe mdomoni. Kata vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita, kisha uvichane viwe virefu kama kidole chako cha mwisho. Mtu asiye na meno mengi, kama Babu, hapo ndipo anaponusurika. Nyama ikatwe ikiwa baridi, na kisu kiwe kikali. Kisu butu huirarua.

Jambo la pili ni moto. Karai lipate moto sana kabla nyama haijaingia, na nyama uitie kwa mafungu matatu, si yote kwa mara moja. Kwa nini? Nyama ikijazana hutoa maji, na maji hayo yakishachemka hayapandi joto zaidi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Nakuru, kwa kuwa tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,800, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Lakini nyama haipati ile rangi ya kahawia na ile harufu ya kuita majirani mpaka uso wake ufike kama nyuzi 140. Ikiwa ndani ya maji yake, itageuka kijivu tu na kukaza. Basi pangusa nyama kwa kitambaa safi ikauke, kaanga fungu moja kwa dakika mbili, ondoa, tia jingine. Chumvi ije baadaye, kwa sababu huvuta maji kutoka ndani ya nyama.

Jambo la tatu ni vitunguu. Katika karai lile lile, bila kuliosha, kaanga vitunguu kwa moto wa wastani mpaka vilainike. Yale mabaki ya kahawia yaliyoshika chini ndiyo utamu wenyewe, usiyakwangue ukayatupa. Nyunyiza unga, koroga kwa dakika moja, kisha tia kikombe kimoja cha maji moto. Unga utafura na kuufanya mchuzi uwe mzito.

Jambo la nne ndilo linalowashinda wengi, nalo ni maziwa. Warusi hutumia smetana, yaani malai yaliyochachuka, ambayo mafuta yake huwa kama asilimia 20 au zaidi. Mala yetu ina mafuta machache sana. Ukiimwaga ndani ya mchuzi unaotokota, protini zake hushikana na kuachana na maji, na utaona chembechembe nyeupe zinaelea. Chakula hakijaharibika, ila sura yake haitamaniki. Dawa yake ni tatu. Nyanya alikuwa akichemsha maziwa jioni, asubuhi anaondoa utando wa juu na kuuweka katika kikombe chenye kijiko kimoja cha mala. Kwa siku mbili alikuwa na malai mazito yenye uchachu, akayachanganya na mala. Hiyo ni dawa ya kwanza. Ya pili, epua karai mchuzi uache kutokota. Ya tatu, usimimine maziwa ndani ya mchuzi, bali chota mchuzi kijiko kimoja kimoja utie ndani ya maziwa huku ukikoroga, mpaka yazoee joto. Hapo ndipo uyarudishe yote karaini pamoja na haradali, pilipili manga, chumvi na ile nyama. Acha kwenye makaa yaliyofifia kwa dakika tatu, lisitokote tena. Haraka haraka haina baraka.

Kama bucha wana nyama ngumu tu, usikate tamaa. Baada ya kuikaanga, ifunike na ichemke pole pole ndani ya ule mchuzi wa vitunguu mpaka ilainike, hata ikichukua saa nzima, ukiongeza maji yakipungua. Maziwa yangoje mwishoni.

Warusi hula na viazi vya kuponda, makaroni, au viazi vya kukaanga vilivyokatwa vyembamba kama njiti. Sisi hula na viazi au chapati. Babu siku hizi hula na ugali, na wala hajaambiwa na mtu kwamba ni makosa.

Jamani, chakula hiki hakikuwa chetu. Kilikuwa cha makabaila, kikawa cha wanafunzi, kikaja Nakuru ndani ya kichwa cha Babu, kikakaa mikononi mwa Nyanya. Kidogo tu kingezikwa naye. Nanyi huko makwenu mna vyakula ambavyo nyanya na babu zenu wanavijua peke yao, iwe ni mursik, muthokoi au samaki wa kupaka. Kabla sijaiweka kalamu chini, ninakuomba jambo moja, msomaji mwenzangu. Leo ukifika nyumbani, chukua daftari, mwulize mkubwa mmoja kipimo kimoja na sababu yake, uandike. Mimi nimeshaandika changu.