Usikimbilie Kuchoma Mpaka: Mjue Kwanza Sungura Pori

Leo naanza kwa kukiri kosa.

Msimu wa juzi kijana mmoja wa kata yangu alipanda kunde ekari 2 za biashara. Miche ikaanza kukatwa usiku, hasa mistari ya pembeni. Nikaona kinyesi cha sungura pori, nikamwambia achome pori la mpakani. Akachoma. Wiki mbili baadaye uharibifu ulikuwa umefika katikati ya shamba. Hasara ile niliisababisha mimi, ikabidi nikasome upya tabia za mnyama huyu.

Analala huku, anakula kule

Sungura pori hachimbi shimo. Mchana anajibanza juu ya ardhi, kwenye nyasi ndefu au chini ya kichaka. Usiku anatoka kula penye nyasi fupi na changa, kama pale palipolishwa ng'ombe, maana hapo pia anamwona adui mapema. Kwa hiyo anahitaji maficho na malisho yaliyo karibu. Porini anapata vyote. Kwako, mpaka ndiyo maficho, miche ndiyo malisho.

Watafiti wa Ulaya waliowafunga sungura pori vifaa vya kufuatilia nyendo waliona kwamba penye mashamba makubwa ya zao moja, wanazunguka eneo kubwa zaidi. Penye mazao mchanganyiko, nyasi na vichaka, hawaendi mbali. Sababu ni kwamba zao moja likikomaa au likivunwa, chakula kinakwisha kwa mkupuo, inabidi watafute kwingine.

Sisi tulichoma nyasi alizokuwa anakula, kikabaki kijani kimoja tu: kunde. Maficho nayo akayapata humo humo, kwenye kipande ambacho palizi ilichelewa.

Fanya hivi

1. Hakikisha ni yeye. Sungura hukata shina safi, kwa mshazari, kama kwa kisu. Digidigi na mbuzi hawana meno ya mbele ya juu, huacha shina limechanika.
2. Fyeka nyasi za mpakani ziwe fupi, usizichome. Vichaka vya mbali viache.
3. Palilia mapema, shamba zima.
4. Weka wavu wa waya: kimo mita 1, matundu yasizidi sentimita 3, chini ukunjwe kuelekea nje. Ekari 1 ya mraba ina mzunguko wa mita 255 hivi, ekari 2 ni mita 360 tu. Ukichangia na jirani, gharama inapungua.
5. Sumu usitumie kabisa. Itaua na mbwa wako. Kuwinda nako kunahitaji kibali, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009.

Msimu uliopita yule kijana alifyeka, akapalilia mapema, akazungushia wavu. Mistari ya pembeni ilisimama. Kabla hujawasha kiberiti, zunguka shamba lako asubuhi uone nyayo zinatokea wapi. Tukutane shambani.