Kupima Uimara wa Ngozi Bila Kuijeruhi

Ngozi huzuia maji ya mwilini yasitoke ovyo, na papo hapo huzuia vijidudu na kemikali visiingie. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na tabaka la juu kabisa, lenye unene wa takriban mikromita 10 hadi 20 tu katika sehemu nyingi za mwili, yaani jembamba kuliko unywele. Humo seli zilizokwisha kufa hulaliana kama makuti ya paa, na katikati yake hujaa mafuta ya asili: keramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo yakipungua, ngozi huvuja. Uvujaji huo hupimika bila kisu wala sindano.

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni cha mvuke. Hata mtu asiyetoka jasho hupoteza maji kidogo kidogo kupitia ngozi. Mwaka 1977 Gert Nilsson wa Linköping, Uswidi, alieleza kifaa cha kuyapima: mrija mfupi ulio wazi juu na chini, unaowekwa juu ya ngozi. Ndani mna vihisio vya joto na unyevu, vingine karibu na ngozi, vingine juu kidogo. Mvuke huwa mwingi chini na hupungua kadiri unavyopanda; kutokana na tofauti hiyo, kwa kanuni ya Adolf Fick ya mwaka 1855, hupatikana uzito wa maji yanayopotea kwa kila mita ya mraba kwa saa. Kwenye kigasha cha mtu mzima mwenye ngozi yenye afya, kwa kawaida ni gramu 5 hadi 10 hivi. Mwenye pumu ya ngozi huzidi hapo. Viganja navyo huzidi hata vikiwa vizima, kwa hiyo hulinganishwa sehemu ileile ya mwili.

Adui wa kipimo hiki ni jasho. Chumba hutakiwa kuwa na nyuzijoto 20 hadi 22, na mpimwaji hukaa dakika 15 hadi 30 mkono ukiwa wazi kabla ya kupimwa. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Machi, bila kiyoyozi, namba itakayosomwa ni ya jasho. Feni nayo haifai, kwani hupeperusha mvuke kutoka kwenye mrija. Ndiyo maana vipo vifaa vya chemba iliyofungwa. Mafuta ya mgando pia hudanganya: huziba mvuke mara moja, namba ikashuka kabla ngozi yenyewe haijapona. Siku ya kupimwa, ngozi isipakwe kitu.

Unyevu wa tabaka la juu hupimwa kwa umeme hafifu, kwa kuwa ngozi yenye maji huhifadhi chaji nyingi kuliko iliyopauka. Asidi yake hupimwa kwa elektrodi bapa na tone la maji yaliyochemshwa yakawa mvuke, kisha yakapozwa na kukusanywa. Ngozi yenye afya huwa na pH ya karibu 5, nayo sabuni ya mche huipandisha kwa muda. Vipimo vya mvuke na umeme havitegemei rangi ya ngozi, na hilo si jambo dogo: wekundu wa pumu ya ngozi, ambao vitabu vingi huutaja kwanza, hufichika kwenye ngozi nyeusi.

Faida kubwa ya kutojeruhi huonekana kwa watoto wachanga. Huko Cork, Ireland, watoto walipimwa mvuke wakiwa na siku 2, kisha miezi 2. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopoteza maji mengi walielekea zaidi kupata pumu ya ngozi walipofikia mwaka mmoja, hata wale ambao wazazi wao hawakuwa na historia ya ugonjwa huo. Kuuzuia ni suala jingine: jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2020, la kuwapaka watoto vilainishi kila siku tangu wanapozaliwa, halikuonyesha kuwa vinaukinga.