Kabari Chini ya Gelai

Msomaji wa Longido anauliza: tetemeko likishapita si limepita, mbona mwaka 2007 yalirudi siku baada ya siku? Julai ile ardhi ya kusini mwa Ziwa Natron ilitikisika kwa wiki kadhaa, na tarehe 17 likapiga la ukubwa wa 5.9, hata Nairobi watu wakakimbia kutoka maghorofani. Habari za Bonde la Ufa kutanuka tulizisoma shuleni, naziruka.

Kwa kawaida tetemeko kubwa hutangulia, madogo yakafuata yakipungua. Yale ya 2007, ya Mlima Gelai, yalianza madogo, kubwa likaja siku chache baadaye, na hata hapo hayakutulia. Chini ya ubavu wa kusini wa mlima huo, magma ilikuwa ikijipasulia njia. Magma iliyojipenyeza hivyo kwenye mwamba, wanajiolojia huiita daiki. Wengine husema ukuta wa magma, jina nisilolipenda, maana ukuta husimama tu. Mimi nasema kabari.

Aliyewahi kupasua gogo gumu anajua: ufa haungoji kabari ifike, hutangulia mbele ya ncha, na mti hulia kwa kila uzi unaokatika. Kabari ikikwama, unagonga tena. Ufa unasogea kidole kimoja, milio inaanza upya mbele kidogo. Magma nayo hukwama, ila nyundo yake ni mgandamizo wake yenyewe, unaojijenga chini mpaka mwamba usalimu amri. Basi milio ndiyo matetemeko: huja kwa mafungu, na vitovu vyake huhama vikiifuata ncha. Huko juu, karibu na uso wa ardhi, gogo halinisaidii tena. Ardhi iliyovutwa pande mbili hukosa pa kuegemea, na kipande cha katikati huteleza chini kati ya nyufa mbili zilizoinama.

Picha za rada za setilaiti zilionyesha kabari imetanua mwamba kwa takriban mita mbili. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kile alichoandika mtafiti Eric Calais na wenzake katika jarida la Nature mwaka 2008: kabla ya kabari kuingia, ufa mmoja ulikuwa umeshateleza polepole, bila kishindo.

Gelai wenyewe haukutoa lava. Jirani yake Ol Doinyo Lengai, uliokuwa ukitiririsha lava yake nyepesi kwa upole tangu 1983, ulilipuka tarehe 4 Septemba 2007 na kurusha majivu. Kabari inayotanua mwamba mahali pamoja hubana na kulegeza kwingine, na wengi wanaona hapo ndipo Lengai ulipochokozwa.