Amri Isiyopatikana: Maana na Tiba Yake katika Linux

Mtumiaji wa Linux anapoandika amri kwenye terminali na kujibiwa kwamba amri hiyo haikupatikana, mara nyingi huhitimisha kuwa programu aitakayo haimo katika kompyuta yake, na pengine huanza kupakua kila anachokutana nacho kwenye intaneti. Hitimisho hilo lina haraka mno, kwa kuwa ujumbe huo unaeleza tu kwamba kompyuta imetafuta mahali ilipoelekezwa na haikuona kitu. Kati ya kutokuwapo na kutoonekana kuna tofauti kubwa, na tiba hutegemea tofauti hiyo.

Kazi ya kutafuta hufanywa na ganda, yaani programu inayopokea maandishi ya mtumiaji na kuyafikisha kwenye mfumo endeshi. Ganda lililoenea zaidi huitwa Bash. Ganda halipekui diski nzima, bali hufuata orodha fupi ya saraka, ambazo wengi huziita folda, iliyohifadhiwa katika kigezo kiitwacho PATH. Mtumiaji akiandika echo $PATH huonyeshwa orodha hiyo, kwa mfano /usr/local/bin:/usr/bin:/bin, ambamo nuktapacha hutenganisha saraka moja na nyingine. Ganda huanza na saraka ya kwanza, likikosa huhamia ya pili, na likifika mwisho bila kuona faili lenye jina lililoandikwa, hutoa ujumbe wake na kurudisha namba 127. Namba 126 huashiria jambo jingine, kwamba faili limeonekana lakini haliwezi kuendeshwa, kwa kawaida kwa kukosa ruhusa.

Uchunguzi huanzia kwenye tahajia, kwa sababu Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Baada ya hapo huulizwa faili liko wapi. Saraka aliyomo mtumiaji wakati huo kwa kawaida haimo katika PATH, na jambo hilo limepangwa kwa ajili ya usalama, ili faili la hila lililopewa jina la amri ya kila siku lisiendeshwe bila mtu kujua. Ndiyo maana programu iliyomo humo huitwa kwa kutanguliza alama ./ mbele ya jina lake.

Mfano mzuri wa faili lililopo lakini lisiloonekana unapatikana katika Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Humo amri nyingi za msimamizi hukaa katika saraka ya /usr/sbin, ambayo haimo katika PATH ya mtumiaji wa kawaida. Tangu toleo la 10 la mwaka 2019, anayeandika su peke yake hupewa mamlaka ya msimamizi lakini huachiwa PATH yake ya awali, kwa hiyo akiita usermod, mojawapo ya amri hizo, huambiwa haikupatikana, ilhali faili lake limetulia katika /usr/sbin. Akiandika su - pamoja na kistari hicho, huanzishiwa kikao kipya chenye PATH ya msimamizi, na amri huonekana bila kusakinisha chochote.

Hali ni tofauti kwa ifconfig, amri ya zamani ya kuonyesha anwani za mtandao, ambayo tangu Debian 9 ya mwaka 2017 haiwekwi tena pamoja na mfumo wa kawaida. Mwenye kutaka kuona anwani tu anatoshelezwa na ip address, amri iliyochukua nafasi yake. Anayeihitaji ifconfig yenyewe hana budi kujua kwamba imo katika kifurushi, yaani mkusanyiko wa mafaili yanayosakinishwa pamoja, kiitwacho net-tools, kwa maana jina la amri na jina la kifurushi si lazima yafanane. Programu ya apt-file husaidia kutambua kifurushi chenye faili linalotafutwa.

Kusakinisha katika Debian na Ubuntu hufanywa kwa apt, inayochukua vifurushi kutoka kwenye hazina rasmi. Amri ya apt update huhuisha orodha ya vifurushi bila kugusa programu zenyewe, kisha apt install net-tools huleta kifurushi pamoja na vingine kinavyovitegemea, baada ya kuhakiki saini za kidijitali za hazina. Apt ikisema haikioni kifurushi, orodha huenda imechakaa, jina limekosewa, au toleo la mfumo limezeeka kiasi cha kuondolewa kwenye hazina ya kawaida. Kati ya mifumo mingine ya Linux, Fedora hutumia dnf kwa kazi hiyohiyo, na Arch hutumia pacman.

Kunakili maagizo yasiyoeleweka na kuyaendesha kwa mamlaka ya msimamizi ni kumkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima. Anayetangulia kuuliza ganda limetafuta wapi huenda asihitaji kupakua chochote. Na akihitaji, atakuwa tayari anajua kifurushi anachokitaka na sababu ya kukitaka.