Kobalti ilikuwa rangi mbele ya kuwa betri

Ndugu wanafunzi, na siye tuliomaliza: hapa Goma mutu akisema kobalti, wote tunawaza Kolwezi na betri za telefone. Mimi pia, mpaka nilipoona picha ya sahani nyeupe yenye maandishi ya Kiarabu ya bluu. Kumbe bluu ile ni kobalti!

Kazi iko hivi. Jiwe linasagwa, unga unachanganywa na maji, fundi anaandika nao juu ya udongo mweupe. Kisha anafunika yote kwa majimaji yanayogeuka kioo motoni. Tanuru inafika karibu nyuzi 1,300. Rangi nyingi zinaharibika; kobalti inabaki.

Karne ya 14, kobalti ya Iran ilipelekwa Jingdezhen, Uchina. Wachina wakachora, wakauzia nchi za Kiislamu. Wakati wa mfalme Zhengde (1506–1521) waliandika hata Kiarabu na Kiajemi. Vyombo vya Uchina vilifika pwani ya Waswahili pia: kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, mabakuli yalijengewa katika nguzo ya kaburi.

Sasa angalieni. Wafinyanzi wa Iran walitumia kobalti mbele ya wale wa Jingdezhen, lakini baadaye wao njo waliiga Uchina, juu ule udongo na moto vilikuwa kule.

Leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na nyingi inasafishwa Uchina. Wenzangu wa kemia na jeoloji, jiwe tunalo. Moto tutajifunza lini?