Kiporo cha Bahari Ndani ya Flora

Msomaji wa Emali ana kinyago cha mwanamke alichonunua kando ya barabara ya Mombasa. Muuzaji alimwapia kwamba ni kazi ya Mutisya Munge wa Wamunyu, yule aliyerudi na ufundi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Je, kipimo cha kaboni kitathibitisha?

Kwanza twende Berlin. Mwaka 1909 Wilhelm Bode, mkuu wa makumbusho ya huko, aliyanunulia sanamu ya nta ya Flora, mungu wa kike wa maua, akiamini ni ya Leonardo da Vinci. Tabasamu lile, nani mwingine? Mzee mmoja Mwingereza, Albert Dürer Lucas, akasema ilifinyangwa na babake, Richard, mwaka 1846. Bode hakusikia, hadi anafariki 1929.

Kaboni-14 mnaijua: kiumbe akifa huanza kupungua, nusu yake huisha kwa miaka 5,730. Lakini sehemu kubwa ya nta ya Flora ilitoka kichwani mwa nyangumi, yule yule atupaye ambari, na hapo hesabu huvurugika. Bahari ina kaboni kuukuu. Mtu anaweza kuiita "athari ya hifadhi ya bahari". Mimi sitaki; hifadhi ya bahari iko Mafia, samaki wanakolindwa. Naiita kiporo cha bahari.

Mfikirie muuza ndengu asiyemaliza gunia. Kila mavuno humimina mpya juu ya za zamani, akakoroga. Wewe hukadiria umri wa ndengu kwa matundu ya fukusi. Ukinunua kwake utaapa ni za mwaka juzi, kumbe nusu zimevunwa wiki jana. Bahari ndiyo hiyo: maji ya kilindini, yaliyokaa karne nyingi bila kugusa hewa, hupanda na kuchanganyika na ya juu, mwani huyanywa, samaki hula mwani, ngisi hula samaki, nyangumi hula ngisi. Aliyevuliwa siku za Lucas huonekana alikufa miaka kama 400 kabla yake! Nyuki wa Kibwezi hula maua ya msimu huu, nta yake ni ndengu mpya. Flora ina nta zote mbili, hivyo kiporo hutolewa kulingana na kiasi cha kila moja. Mwaka 2021 mtafiti Ina Reiche na wenzake walikitoa. Leonardo alikufa 1519. Sanamu ni ya karne ya 19. Mzee Lucas alisema kweli.

Kinyago chako ni cha mti, na mti hauli kiporo. Ila kaboni huhesabu tangu ubao ulipoota, si tangu tezo ilipougusa. Gogo kuukuu lililochongwa juzi litafaulu mtihani. Usilipe maabara. Kipeleke Wamunyu, wachongaji wazee wakitazame.