Mota isiyo na ganda: usidanganywe na namba kubwa

Servomota isiyo na ganda inakuja vipande viwili tu: stata, yaani pete yenye nyaya za shaba, na rota, pete yenye sumaku. Hamna shafti, hamna beringi. Hivyo unaviweka mwenyewe kwenye mashine yako, kwa mfano kwenye kiungo cha mkono wa roboti.

Sasa unachaguaje? Wengi hukimbilia torki ya juu kabisa. Hiyo mota huimudu kwa muda mfupi tu, ikizidi inaungua. Uliza kwanza: nikitaka torki ninayohitaji, wati ngapi zitapotea kama joto? Tafuta namba inayoandikwa Km. Gawanya torki kwa Km, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa Nm 5, mota yenye Km 0.5 inapoteza wati 100, yenye 0.4, wati 156. Tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini joto lake si mchezo!

Halafu soma maandishi madogo. Torki ya kudumu ilipimwa stata ikiwa imefungwa kwenye bamba la alumini la ukubwa gani? Kama mashine yako haina chuma cha kutosha kunyonya joto hilo, namba ile haikuhusu. Muulize muuzaji kabla hujalipa.